Megahezi Arobaini

Juu ya prosesa wameandika ishirini na tano
kwa wino mweupe, kama umri wa bwana harusi.
Mimi namtaka arobaini.

Ni Julai, Moshi imejifunika gubigubi,
mlima haujaonekana tangu Jumanne.
Hali ya hewa nzuri kwa kazi ya kuunguza vitu.
Nimeacha dirisha wazi, baridi ishuke bure
imkute huyu mzee wa plastiki
aliyegeuka rangi ya mshare uliochemshwa.

Baba mdogo Anaeli alimleta kutoka Hamburg
mwaka themanini na tisa, ndani ya blanketi,
akawaambia watu wa forodha ni taipureta.
Baadaye akamwongezea kadi ya kasi,
akauza ndama, mama mdogo akanuna mwezi mzima.
Na maishani mwake aliandika programu moja tu:
mlima, mstari kwa mstari,
kwa vipimo alivyovichukua kwa miguu yake
kwenye daftari la chama cha ushirika.

Ilianza kuchora saa mbili, baada ya taarifa ya habari.
Saa tano, migomba. Saa nane, msitu.
Saa tisa umeme unakwenda zake,
televisheni inafumba jicho,
na mlima unarudi kuwa hakuna.
“Kesho,” alisema.
Alisema kesho mpaka figo zikamkatalia.

Kibanda changu kiko Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga.
Natengeneza redio, pasi, chaja.
Najua jambo moja: usiku haurefuki,
kinachorefuka ni hatua.

Nikang'oa fuwele ya zamani,
kijisanduku cha bati chenye miguu minne,
mende aliyekufa kwa heshima.
Nikalehemu soketi, nijaribu moja baada ya nyingine.

Ishirini na nane: akaamka.
Thelathini na tatu: akaamka, akakohoa, akaendelea.
Arobaini:
kioo cheusi. Halafu harufu.

Nikazima haraka, mkono kifuani.
Nikakata mfuniko wa sufuria kwa msumeno wa chuma,
nikampandishia kichwani, na juu yake feni
ya chaja iliyokwisha kufariki.
Kumbukumbu nikaiwekea subira ya pigo moja,
maana si wote wa mbio,
wengine lazima wasubiriwe mlangoni.

Arobaini tena.
Nikaweka kidole: nimehesabu hadi tisa
kabla ya kumtaja mama.
Saa mbili akaanza. Saa tano, msitu.
Saa saba, mawe. Saa nane na robo
ameweka kalamu chini. Mlima mzima!
Nikapiga makofi peke yangu, kisha nikaacha.

Mawenzi ilikuwa kushoto.

Sisi wa Moshi Mawenzi tunaijua mkono wa kulia,
hata mtoto wa chekechea anaichora kulia.
Na chini, pembeni, nukta moja ya njano.
Nikasema: joto limemvuruga.

Usiku wa pili nikamrudishia ishirini na tano yake.
Nikakesha na blanketi. Saa tisa ikapita,
taa ikapepesa, ikatulia,
kana kwamba hata mitambo ilitaka kuona.
Saa kumi na mbili, jogoo wa jirani akiwika,
akamaliza.
Mawenzi kushoto. Nukta pale pale.

Mama mdogo Ndeshi akaingia na birika.
Hakuuliza kasi. Alitazama
kama mtu anayesoma risiti ya mwenzake.
“Huo ni mlima wa Loitokitok,” alisema.
“Alikuwa akivuka Tarakea kila Desemba
kufuata mbegu ya viazi.”
Akamimina kikombe changu, akamimina chake.
“Hatukuwahi kula hivyo viazi.”

Kidole gumba chake kikaifunika ile nukta,
kikakaa hapo, kikaondoka.
Kwenye kioo ukabaki ukungu mdogo.

Nikazima. Nikagusa prosesa:
vuguvugu,
kama kiti mtu alichoinuka sasa hivi.